Mama Ngina Drive: ufukwe wa mibuyu Mombasa, na somo lake kwetu Kyela

Kila Jumamosi watu hukusanyika Lyulilo, jirani na Matema, kununua vyungu vya Wakisi vinavyoletwa kwa mitumbwi. Mtu akimaliza shughuli zake hutafuta mti wenye kivuli, akakaa kutazama ziwa. Hakuna anayemdai kiingilio. Mjini Mombasa, Kenya, kuna mahali ambapo mji mzima hupumzika namna hiyo. Panaitwa Mama Ngina Drive.

Iko wapi?

Ni barabara ya ufukweni, kusini mwa Kisiwa cha Mombasa, ikitazama mlango wa bahari wa Kilindini. Ng'ambo yake ni Likoni, ambako watu huvuka kwa kivuko. Kilindi ni mahali penye maji ya kina kirefu, ndiyo maana meli kubwa za mizigo hupita karibu kabisa na waliokaa ufukweni.

Barabara hii ina jina la Mama Ngina Kenyatta, mke wa rais wa kwanza wa Kenya, Jomo Kenyatta. Wakazi wengi huiita Lighthouse, kwa sababu ya mnara wa taa unaoongoza meli.

Nini kinaipamba?

Mibuyu. Ni miti minene na mikongwe, iliyokuwapo kabla ya lami. Mbuyu huhifadhi maji katika shina lake na hupukutisha majani wakati wa kiangazi, hivyo huvumilia ukame. Wataalamu waliopima umri wa mibuyu barani Afrika wamekuta mingine imepita miaka 1,000. Mti kama huo ukikatwa leo, hata vitukuu vyetu hawatauona mwingine wa kufanana nao.

Jioni, hasa mwisho wa wiki na sikukuu za Idd, familia hufika kupunga upepo. Wachuuzi huuza mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu na mabuyu ya rangi. Kwao ufukwe ule ndio ada ya shule na chakula cha nyumbani.

Nini kilibadilika mwaka 2019?

Serikali ya Kenya iliukarabati ufukwe huo, ikaweka njia za waenda kwa miguu, viti na sehemu za wafanyabiashara. Oktoba 20, 2019, sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika hapo. Mibuyu mikongwe bado ni sehemu ya ufukwe huo mpya, na wananchi wanaendelea kuja kupumzika.

Sisi tunajifunza nini?

Mombasa ina bahari. Sisi tuna Ziwa Nyasa na mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Kwetu mti wa ukingoni una kazi nyingine zaidi ya kivuli. Mizizi yake hushika udongo. Ukingo ukibaki wazi, mvua za masika zikija mto hula shamba la mpunga au la kakao kidogo kidogo, na mchanga hujaa mtoni hadi maji yanatafuta njia kwenye nyumba za watu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa, pamoja na shughuli nyingine zinazoweza kuharibu mazingira yake. Ukiona eneo hilo linafyekwa au kuzungushiwa uzio, anza na mwenyekiti wa kijiji, kisha ofisa mazingira wa halmashauri.

Kama unataka kupanda ukingoni, mianzi na miti ya asili hushika udongo vizuri. Mikaratusi iweke mbali, inakunywa maji mengi.

Waliokaa chini ya mibuyu ya Mombasa jana jioni hawakuipanda wao. Waliikuta kwa sababu waliotangulia hawakuikata. Na sisi tuna miti ya kuwaachia wanaokuja, kuanzia ile ya Matema hadi ile ya kingo za Kiwira.