Usambara: Mlima Uliokataa Matuta

Kutoka Mombo, mji mdogo ulio kwenye barabara kuu iendayo Moshi, hadi Lushoto ni kama kilomita 33 tu. Katika mwendo huo mfupi gari hupanda karibu mita elfu moja, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Mombo ni joto, vumbi na mkonge. Gari likifika Soni, penye maporomoko ya maji, abiria wameshaanza kutafuta masweta. Lushoto yenyewe iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai baridi yake mtu wa Tanga mjini haiamini mpaka imkute.

Usambara Magharibi ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ile safu inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Umbo lake ndilo lililoamua mambo mengi. Ni mlima uliosimama peke yake, kuta zake zikishuka wima hadi nyikani karibu kila upande. Juu kuna mvua, ukungu na misitu. Chini kuna jua kali na mvua ya kubahatisha. Wasambaa wa zamani walijifunza kuishi na hali zote mbili. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi nao na kuandika habari zao kwa kirefu, alionyesha kwamba vijiji vingi vikubwa vya kale vilijengwa ukingoni mwa mlima. Mtu alikuwa na mgomba wake nyuma ya nyumba, na bado aliweza kushuka nyikani kulima na kuwinda, kisha akapanda nyumbani. Zao moja likikosa, jingine lilimwokoa. Anayetaka kuuona mpango huo kwa macho aende Mtae, ambako nyumba zimejipanga juu ya mgongo mwembamba wa mlima na nyika ya Mkomazi inaonekana chini kabisa.

Utawala nao ulizaliwa humo humo. Masimulizi ya Wasambaa yanamtaja Mbegha, mwindaji aliyefukuzwa kwao Nguu kwa kuwa alikuwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota. Alipanda Usambara akiwa na mbwa na mikuki yake, akaua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mashamba, akagawa nyama na kupewa vyakula vya shamba. Usiku mmoja aliua simba. Kutoka hapo watu wakamfanya mtawala wao, na Vuga ikawa makao makuu. Habari hizo zilikusanywa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili na kuanza kuchapwa miaka ya 1890. Kama Mbegha alikuwapo kweli au la, hadithi yake inasema wazi watu walimtaka mtawala wa aina gani: anayelinda shamba na kuleta nyama.

Mzao wa Mbegha, Kimweri ye Nyumbai, aliukuza utawala huo kuliko wote waliomtangulia. Aliwapanga wanawe kuwa machifu wa sehemu mbalimbali, na nguvu yake ilifika mpaka karibu na pwani. Mmisionari Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848, akarudi tena 1852. Watu waliamini kwamba mfalme ana mvua mkononi: nchi ikiwa na amani chini ya mtawala mmoja, mvua hunyesha; watawala wakigombana, njaa huingia. Kimweri alipofariki mwaka 1862, imani hiyo ilipata ushahidi mchungu. Semboja, mwanawe aliyetawala Mazinde chini ya mlima, alikuwa karibu na njia ya misafara na hivyo karibu na bunduki. Ndugu wakapigana, watu wakauzwa utumwani, na Vuga haikurudia tena hadhi yake.

Wajerumani walikuta nchi imechoka. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891, na hadi leo dayosisi yao ina makao Lushoto, misikiti nayo ikiwa jirani. Serikali ya kikoloni iliipenda hali ya hewa, ikajenga boma Lushoto na kuuita mji huo Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao. Walowezi wakafuata. Kwa kuwa Msambaa mwenye shamba lake hakuwa na haja ya kwenda kumlimia mtu, mwaka 1907 wilaya ilianzisha kipande: kila mwanamume alitakiwa kufanya kazi siku 30 kwa walowezi katika kila miezi minne. Reli iliyoanzia Tanga ilikwisha kupita Mombo wakati huo. Huko Shume, kampuni moja ilijenga njia ya waya ya kushushia magogo ya mtarakwa mpaka Mkumbara kwenye reli, umbali wa kilomita kama 9 hewani. Kwa uhandisi, ilikuwa kazi ya ajabu. Kwa msitu, hasara yake bado inaonekana.

Lakini kisa ambacho wazee wa Usambara hawakukisahau ni cha Waingereza, nacho ni cha jembe.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watu walikuwa wameongezeka na udongo ulikuwa unaporomoka. Hilo halikuwa uongo. Mwaka 1946 serikali ilianzisha mpango wa kuokoa bonde la Mlalo, kisha ikausambaza Usambara nzima. Kila mkulima aliamriwa kutengeneza matuta katika shamba lake la chakula, na miteremko mikali zaidi ikapigwa marufuku kulimwa mazao ya msimu. Asiyetii alitozwa faini au kufungwa. Mabwana shamba walizunguka wakikagua, na machifu ndio waliotumwa kuwashurutisha watu wao.

Tatizo lilianzia kwa mwenye kushika jembe. Kilimo cha chakula kilikuwa zaidi kazi ya wanawake, na waume wengi walikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Mama aliyezoea kuchanganya maharage, mahindi na migomba katika kipande kimoja alitakiwa kuinua udongo tuta baada ya tuta kwenye mteremko ambao hata kusimama ni kazi. Watu walilalamika kwamba mvua kubwa ikinyesha maji hujaa kwenye matuta na udongo huteremka kwa pamoja. Mwenye shamba dogo aliona jambo la pili: ukikatazwa kulima mteremko, na bonde lina mwenyewe, utakula wapi? Hasira hiyo iliwaangukia machifu waliotekeleza amri, na chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954 kiliikuta tayari inachemka. Kabla ya miaka hiyo ya 1950 kwisha, serikali iliachana na mpango wake.

Inafaa kusema kwamba wataalamu wale hawakukosea kuhusu udongo. Walikosea kudhani kwamba mlima ni ubao wa kuchorea mistari. Miaka 35 baada ya Mlalo, mwaka 1981, mradi wa SECAP ulioungwa mkono na Ujerumani ulirudi kwenye miteremko ile ile kwa namna nyingine: majani ya gwatemala yapandwe kwa mstari wa kukinga maji, kisha yawe chakula cha ng'ombe wa zizini, migrivea ipandwe mipakani, itoe kuni na mbao. Si kila mkulima aliupokea, lakini angalau mstari ule ulikuwa unalisha kitu.

Leo Lushoto inajulikana zaidi kwa mboga na matunda yake. Siku ya gulio, Lukozi au Soni, kabichi hurundikwa kama vilima, karoti huoshwa kwenye mfereji mpaka zing'ae, plamu na peasi hupangwa kwenye matenga. Viazi huingia gunia, gunia likijaa hushonewa kilemba cha wavu na kuongezwa tena: hiyo ndiyo lumbesa, ambayo serikali imeikataza mara nyingi na wanunuzi wameendelea kuidai. Mkulima hulipwa gunia moja, akatoa karibu moja na nusu.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 katika wilaya ya Lushoto, idadi kubwa kwa mlima usioongezeka eneo. Miaka hiyo ndipo Bumbuli, sehemu ya wilaya hiyo, ilipopewa halmashauri yake. Vuga ya Kimweri, makao makuu ya kale, sasa ni kata ndani ya Bumbuli. Ndani ya halmashauri hiyo hiyo, kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa mwaka 2013 kufuatia mgogoro mrefu wa wakulima wadogo na mwekezaji, na majani mabichi yakakosa pa kwenda. Halmashauri zote mbili, ya Lushoto na ya Bumbuli, zina mabaraza, wataalamu na mipango. Kabla hazijapitisha sheria ndogo nyingine kuhusu mteremko, ziwaite kwanza wanawake wanaoulima.