Mpokezi Kizimbani: Utanzu, Sauti ya Usimulizi na Mtindo katika Kusadikika ya Shaaban Robert

1.0 Utangulizi

Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, imefundishwa na kuhakikiwa sana, lakini wahakiki hawajaafikiana kuhusu utanzu wake. Euphrase Kezilahabi, katika tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976, alimwita Shaaban Robert mwandishi wa riwaya tangu kwenye anwani. Wengine wameiona kazi hii kuwa ngano iliyorefushwa au istiara ya kisiasa. Wanadai kwamba nchi inayoelea angani, wahusika wenye majina ya sifa na ploti inayojirudia haviwezi kuunda riwaya. Mgogoro huu unazidi jina tu. Ikiwa Kusadikika si riwaya, basi riwaya ya Kiswahili katika Tanganyika huhesabiwa kuanzia kazi zilizofuata kwa karibu kunga za Ulaya, na Shaaban Robert hubaki mtangulizi aliyefika mlangoni asiingie. Makala hii inadai kuwa utanzu wa Kusadikika huonekana wazi zaidi pale sauti ya usimulizi inapochunguzwa kabla ya maudhui.

2.0 Muktadha

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Alikuwa karani katika idara ya forodha kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, na kuanzia mwaka 1946 alifanya kazi katika ofisi za serikali mjini Tanga. Mwaka huohuo Tanganyika ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. TANU iliundwa mwaka 1954. Kusadikika ilitoka katikati ya matukio hayo mawili. Kwa hiyo, wahakiki wengi wameisoma kama istiara ya utawala wa kikoloni: nchi isiyo na sheria ya haki, ambamo kuitaka elimu ya sheria ni kosa. Usomaji huo una mashiko. Hata hivyo, unaeleza kwa nini mwandishi alificha ujumbe wake, lakini hauelezi kwa nini aliuficha ndani ya utetezi wa mshitakiwa mmoja.

3.0 Sauti ya Usimulizi

Kazi hii ina ngazi mbili za usimulizi. Ya kwanza ni ya msimulizi maizi wa nafsi ya tatu, anayeifungua nchi na baraza lake. Ya pili ni ya Karama, anayeshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Karama hajitetei kwa kueleza maisha yake. Anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na mapendekezo ya kuifaa nchi, kisha wakatupwa gerezani. Kinywa chake, basi, ndicho kinachobeba sauti zao barazani.

Karama hakusafiri na mjumbe yeyote, lakini anazisimulia safari zote kwa undani wa mtu aliyekuwapo. Kwa vigezo vya uhalisia hilo ni dosari. Maana ya awali ya neno riwaya lenyewe hufungua njia nyingine. Katika mapokeo ya Kiarabu, neno hilo lilitokea kutaja tendo la kupokea na kufikisha shairi au habari, na aliyefanya kazi hiyo ni *rawi*, mpokezi. Mamlaka ya mpokezi hayatokani na kuona kwa macho yake, bali na uaminifu wake. Jina la nchi nalo ladokeza hivyo: kusadikika ni kuweza kuaminiwa. Shina hilohilo la Kiarabu huzaa *saduq*, daraja mojawapo la wapokezi wakweli katika elimu ya hadithi za Mtume. Kesi ya Karama, kwa hiyo, ni kesi ya usadikikaji wa habari zilizopokewa. Mfalme anapoamua kumwachilia yeye pamoja na wajumbe walio gerezani, upokezi umekubaliwa kuwa ushahidi.

4.0 Mtindo

Majina ya wajumbe yanauunga mkono usomaji huu. Buruhani ni hoja ya kuthibitisha, kabuli ni kukubali, auni ni msaada, ridhaa ni hiari, na amini ni uaminifu. Yakitazamwa pamoja, yanakaribia kuwa msamiati wa baraza la haki. Majivuno, kwa upande wake, anabeba jina linalotokana na kitenzi kujivuna. Linamfunga katika nafsi yake, wakati majina ya wajumbe huelekea kwa wengine.

Nathari yenyewe ni ya mshairi: sentensi zenye vina vya mawazo, tashibihi, takriri na misemo yenye uzito wa methali. Wahakiki wamelalamika kwamba wahusika ni bapa na kwamba wote huzungumza lugha moja. Kwa habari za wajumbe, lalamiko hilo hupungua nguvu, kwa kuwa kinywa kimoja ndicho kinachozifikisha zote. Lakini hoja ya upokezi haiwezi kufunika kila kitu. Msimulizi wa nje naye ana lafudhi ileile ya Karama, na hapo mwandishi mwenyewe amewazidi nguvu wasimulizi wake.

5.0 Hitimisho

Kusadikika ni riwaya, lakini hadhi hiyo haiipati kwa kufanana na riwaya ya Ulaya. Inaipata kwa kuifanya sanaa ya upokezi kuwa muundo wa kitabu kizima. Ikikubalika hivyo, tatizo la mahali pa kuanzia historia ya riwaya ya Kiswahili hubadilika: badala ya kuuliza ni lini waandishi wa pwani walijifunza utanzu wa kigeni, mtafiti atauliza ni namna gani waliligeuza kuwa maandishi jambo walilolijua zamani, yaani kuaminiwa na habari ya mwingine. Karani wa Tanga aliyeishi na nyaraka za watu wengine alilijibu swali hilo mapema, kwa kumweka mpokezi kizimbani na kumwachia baraza lisikilize.