Kabla ya Type-C: stori ya pini zilizotutesa, na shujaa wa kibandani asiye na jina

Umbea wa mastaa leo tuuweke pembeni, utaukuta kesho. Leo napiga stori ya kitu ambacho kila mtu anacho na hakuna anayekiheshimu: waya wa simu. Kama umeanza kushika simu miaka hii ya karibuni, unaona pini moja inaingia kila mahali, unadhani ilikuwa hivyo tangu zamani. Thubutu!

Turudi nyuma. Mwaka 2000 Vodacom wanaanza kazi Tanzania, 2001 Celtel nao wakaingia, na simu ikaanza kushuka kutoka kwa mabosi kuja kwa watu wa kawaida. Mwaka huohuo wa 2000 Nokia walitoa 3310. Mwaka 2003 wakatoa 1100, ile yenye tochi, iliyouzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Zote mbili zilichajiwa na pini nene ya duara. Baadaye Nokia haohao wakaleta pini nyembamba. Ndugu mmoja ana Nokia, mwingine ana Nokia, na bado hamuazimani chaja mpaka mtafute kile kiadapta kidogo. Hapo sijagusa Motorola, Siemens, Samsung na Sony Ericsson, kila mtu na tundu lake.

Kwa kampuni haikuwa shida, maana chaja ikifa lazima ununue ya kwao. Mtu wa Ulaya alikereka tu, anaenda dukani. Mtu wa Lisekese hapa Masasi, au wa kijiji cha kule Newala, chaja yake ikifa simu inageuka pambo la kabati mpaka apatikane mtu anayekwenda mjini. Na vijiji vingi umeme haukuwepo, kwa hiyo simu yenyewe ilikuwa inasafiri kwenda kuchajiwa.

Hapo ndipo anaingia shujaa wa stori hii, na jina lake hulikuti kwenye kitabu chochote: yule mwenye kibanda cha kuchaji. Ana rundo la chaja zimening'inia kama kambare sokoni. Pini yako ikikosekana kabisa, anatoa silaha ya mwisho: kobe. Wadogo zangu, kobe ni chaja ya kubana. Unatoa betri kwenye simu, unaibana, vijiti viwili vinagusa chanya na hasi, taa zinawaka. Kobe haikuuliza pini wala kampuni. Ilikuwa na madhara yake, simu haipatikani muda wote betri iko nje, lakini kwa sisi huku ndiyo ilikuwa chaja ya wote kabla wakubwa hawajakaa kikao.

Kwenye kompyuta nako kulikuwa vilevile. Kipanya kina tundu lake, kibodi lake, printa ina waya mnene wa kufunga. Mwaka 1996 kampuni 7, zikiwemo Intel, IBM na Microsoft, zikaleta USB. Jina linalotajwa zaidi ni Ajay Bhatt, mhandisi wa Intel mzaliwa wa India. Ndani ya waya ule wa USB kuna nyaya nne: mbili za umeme, mbili za data. Hiyo ikumbuke, tutairudia.

Simu nazo zikahamia huko. Mwaka 2007 ikaja micro-USB, na 2009 kampuni kubwa zikasaini makubaliano Ulaya kwamba hiyo ndiyo iwe pini ya wote. Apple nao walisaini, lakini makubaliano yaliruhusu adapta, na 2012 wakatoa Lightning yao. Micro yenyewe tunaijua. Ukiichomeka gizani kinyume, tundu linalegea, halafu unaanza kufunga simu na rababendi ili ichaji. Mwaka 2014 ndiyo ikatoka Type-C, isiyo na juu wala chini. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria: kuanzia 28 Desemba 2024, simu mpya zinazouzwa kwao ziwe na tundu la Type-C. Apple wakainama mapema na iPhone 15 mwaka 2023.

Sheria imepitishwa mbali, ila imetufikia hadi Lisekese, kwa sababu kiwanda hakina haja ya kutengeneza tundu lingine kwa ajili yetu. Wale jamaa wa iPhone waliokuwa wanaringa na waya wao, leo wanaazima kwetu. Raha!

Lakini wadau, tusishangilie sana. Pini kufanana siyo waya kufanana. Zile nyaya mbili za data, waya nyingine hazina kabisa. Unachaji vizuri, ukichomeka kwenye kompyuta kimya. Nyingine shaba yake ni nyembamba, simu inalala kwenye chaja usiku kucha na asubuhi ina nusu. Hata iPhone 15 ya kawaida, pamoja na tundu jipya, data yake inapita kwa spidi ya USB 2.0, kiwango cha mwaka 2000. Sura mpya, mambo ya kale.

Mnakumbuka Juni 2016 TCRA walipozima simu feki? Waliweza kwa sababu kila simu ina IMEI, namba 15. Waya hauna IMEI. Waya feki hakuna wa kuuzima, mkaguzi ni wewe.

Kwa hiyo msimu wa korosho ukilipa na unakwenda kuvuta simu mpya, usinunue simu ya laki tatu halafu uibebeshe waya wa buku. Mwambie muuzaji auchomeke kwenye kompyuta, muone kama simu inasoma. Ni dakika moja tu. Siku simu imejaa na unataka kuhamisha picha za marehemu bibi zisipotee, ndipo utajua ulinunua waya au kamba.

Na ukipita kwenye kile kibanda cha zamani, msalimie mzee. Alituunganisha wakati kampuni zimetutenganisha.

Haya, droo ya kwenu bado ina pini gani? Kuna mwenye kobe inayofanya kazi? Tupia hapo chini.