Kibarua wa msimu Australia: Ujira mnono, matumizi mazito

KILA mwaka maelfu ya vijana kutoka Ulaya, Asia na Amerika hubeba shanta zao na kuelekea Australia kuchuma matunda, kuvuna mboga na kuhudumu hotelini. Mpango unaowaruhusu kufanya kazi wakiwa likizoni ulianzishwa mwaka wa 1975. Ni wa wenye umri wa miaka 18 hadi 30, ingawa raia wa mataifa machache hukubaliwa hadi miaka 35.

Sambamba nao wapo vibarua kutoka Timor-Leste na nchi tisa za Pasifiki, zikiwemo Fiji, Tonga na Vanuatu. Hawa huajiriwa chini ya mpango tofauti, na wale wa msimu hukaa hadi miezi tisa.

Kivutio kikuu ni ujira. Kuanzia Julai 1, 2025, kima cha chini cha kitaifa kiliwekwa kuwa dola 24.95 za Australia kwa saa, takribani Sh2,000 za Kenya. Kibarua asiyepata likizo ya malipo huongezewa asilimia 25, hivyo kufikisha dola 31.19.

Hata hivyo, ujira wa saa hauna maana pasipo saa zenyewe. Tuchukue kibarua aliyefanya kazi saa 30 kwa wiki kwa kiwango hicho. Atapata dola 935. Msafiri wa shanta hukatwa kodi ya asilimia 15 tangu dola ya kwanza hadi mapato ya dola 45,000 kwa mwaka. Atabaki na takribani dola 795.

Sasa mvua inyeshe na shamba lisiingilike. Akipata saa 12 pekee, atasalia na dola 318 baada ya kodi. Kitanda katika chumba cha pamoja kwenye hosteli za miji ya mashambani, kama vile Bundaberg au Mildura, kwa kawaida hugharimu zaidi ya dola 200 kwa wiki. Akitoa chakula na nauli ya kufika shambani, mkononi hubaki vumbi.

Ndiyo maana serikali ya Australia hutaka mwombaji awe na akiba ya takribani dola 5,000, pamoja na nauli ya kurudi kwao. Ada ya viza pekee hupita dola 600. Bima ya afya nayo ni muhimu, kwani ni raia wa nchi chache tu zenye mapatano maalumu wanaogharimiwa matibabu ya lazima.

Kwa miaka mingi malalamiko makubwa yalihusu ujira wa kipande, ambapo mchumaji alilipwa kwa ndoo au kreti. Asiye na kasi aliambulia senti chache. Tangu Aprili 28, 2022, mwajiri wa kilimo cha matunda na mboga analazimika kuhakikisha kwamba hata anayelipwa kwa kipande hapati chini ya kiwango cha saa kilichowekwa.

Wanaotaka viza ya mwaka wa pili wengi wao hutakiwa kufanya siku 88 za kazi maalumu, hasa mashambani. Sharti hilo huwafanya baadhi yao kuvumilia malazi duni na mwajiri mkorofi, mradi siku zitimie. Raia wa Uingereza waliondolewa sharti hilo Julai 1, 2024.

Kwa vibarua wa Pasifiki, mwajiri hutanguliza sehemu kubwa ya nauli ya ndege, kisha huikata kwenye ujira pamoja na kodi ya nyumba na usafiri. Makato yalipozidi, wengine walibaki na fedha kiduchu za kutuma nyumbani. Kanuni sasa zinataka kibarua asalie na angalau dola 200 kila wiki baada ya makato.

Kuna pia akiba ya uzeeni. Mwajiri huchangia asilimia 12 juu ya ujira, na msafiri anaweza kuidai anapoondoka nchini. Lakini asijipe matumaini makubwa, kwani asilimia 65 ya fedha hizo humezwa na kodi.

Kwa msomaji wa Kenya, jambo moja ni la kuzingatiwa. Kufikia mwaka wa 2025, Kenya haikuwa katika orodha ya nchi za mpango wowote kati ya hiyo miwili. Anayeahidi kumpatia kijana wa Kenya viza hiyo kwa malipo anauza mbuzi kwenye gunia.

Anayetafuta kazi ng'ambo kwa njia nyingine yafaa kwanza athibitishe iwapo wakala wake amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kisha aulize maswali matatu kabla ya kuuza shamba au kukopa: Nimehakikishiwa saa ngapi kwa wiki? Nitakatwa nini? Nitakula nini wiki isiyo na kazi?