Kola ya mbwa: historia ya kifaa cha afya kule Serengeti na Tarime

Siku hizi ukitaja kifaa cha afya cha kuvaa mwilini, kila mtu anawaza saa ya mkononi inayohesabu hatua na mapigo ya moyo. Maabara za vyuo vikuu huko ughaibuni zinashindana kuiboresha. Sawa, lakini kwa upande wa Mara historia ya kifaa kama hicho haianzii mkononi kwa mtu. Inaanzia shingoni kwa mnyama.

Tuanze na mbwa mwitu. Watafiti wa Hifadhi ya Serengeti walikuwa wanawafunga baadhi yao kola zenye redio ili kuwafuatilia. Mwaka 1990 kichaa cha mbwa kikathibitishwa kati yao, baadhi wakachanjwa, na kufikia 1991 makundi yaliyokuwa yanafuatiliwa yakawa yametoweka. Hapo ugomvi ukaanza. Mtafiti Roger Burrows akadai kwamba kule kushikwashikwa, yaani kupigwa dawa ya usingizi, kufungwa kola na kuchanjwa, ndiko kulikoshusha kinga yao mpaka virusi vilivyokuwa vimelala vikaamka. Wenzake wakambishia kweli kweli: ugonjwa ulikuwepo, kola haikuuleta. Mimi niko upande wa hao waliombishia, ila swali la Burrows lilikuwa halali. Kifaa cha kuchunguza afya kinamfanya nini yule anayekivaa?

Mwaka 1994 zikaja habari mbaya zaidi. Watalii waliokuwa kwenye puto walimwona simba akitupwa na degedege. Ulikuwa ugonjwa wa distempa, na ulimaliza kama theluthi moja ya simba wa Serengeti, karibu 1,000. Ni ugonjwa unaowapata mbwa pia, hivyo macho yakageukia mbwa wa vijijini, hawa hawa wanaolinda ng'ombe kwetu.

Kuanzia 1996 Sarah Cleaveland na wenzake walichanja mbwa wa vijiji vya Wilaya ya Serengeti, huku vijiji vya Musoma visivyochanjwa vikitumika kulinganisha. (Jamani, ukiwa mzazi wa Musoma wakati ule ungesemaje? Najua hawakuwa na uwezo wa kufika kila mahali, lakini nikisoma hapo huwa nasita.) Matokeo yalichapishwa 2003. Kila kampeni ilifikia kati ya asilimia 61 na 74 ya mbwa. Kichaa kwa mbwa kilishuka kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na asilimia 97 baada ya ya pili. Musoma hakikushuka. Na kubwa kuliko yote, watu walioumwa na mbwa wanaodhaniwa kuwa na kichaa walipungua Serengeti. Mtu akishaanza kuonyesha dalili za kichaa karibu hakuna anayepona, na sindano za kuokoa maisha baada ya kung'atwa ni ghali kwa familia ya mkulima. Kumchanja mbwa kunamlinda mtoto.

Sasa, utajuaje umefikisha asilimia 70? Mbwa hana kadi ya kliniki. Ndipo kola inaporudi, safari hii haina redio wala betri. Mbwa akichanjwa anavishwa kola ya rangi, halafu siku hiyo hiyo watu wanapita njia za kijiji wakihesabu wenye kola na wasio nayo. Basi! Maganga Sambo na wenzake walichapisha utafiti 2017 wakilinganisha njia hiyo na kuhoji kaya, na hata kuwauliza wanafunzi mashuleni kuhusu mbwa wa nyumbani kwao. Sisi wa ualimu hapo tunatabasamu, maana mtoto wa darasa la nne anawajua mbwa wa kwao kuliko baba yake. Na wanaowaburuta mbwa kwa kamba kuwapeleka kwenye chanjo ni hao hao watoto.

Kuhesabu kola kulionekana kuwa haraka na rahisi kifedha. Kasoro yake ni watoto wa mbwa, ambao hawazururi njiani. Wanabaki nyumbani, hawahesabiwi, na mara nyingi hawapelekwi kuchanjwa. Isitoshe mbwa wetu hawaishi sana na wanazaana haraka, hivyo asilimia 70 ya mwezi wa kampeni siyo ya mwaka unaofuata.

Na kola haisemi kila kitu. Mwaka 2015 Mafalda Viana na wenzake walionyesha kuwa distempa iliendelea kuwafikia simba hata baada ya mbwa wengi wa vijijini kuchanjwa. Kumbe mbwa wa mzee pale Mugumu siyo mshitakiwa peke yake.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwenye chupa ya chanjo yenyewe. Mwaka 2016 timu ya Felix Lankester ilionyesha kuwa chanjo moja ya kichaa cha mbwa inabaki nzima kwa miezi 6 kwenye nyuzijoto 25, na miezi 3 kwenye 30. Kwa kijiji cha Tarime kisicho na friji hilo ni jambo kubwa. Baadaye ikajaribiwa mkoani Mara njia ya kuhifadhi chanjo kijijini kwenye vyungu vinavyopooza, chini ya mtu wa hapo hapo aliyefundishwa, badala ya kusubiri gari la timu mara moja kwa mwaka. Mtu huyo anaweza kuchanja mwezi wowote, wakiwemo watoto wa mbwa waliozaliwa baada ya kampeni na ambao hawajawahi kuvishwa kola yoyote.