Kwelikinzani ya Moravec na Mikono Inayonyonyoa Senene

Kwelikinzani ya Moravec ni istilahi ya taaluma ya roboti na akili mnemba. Maana yake ni hii: kazi ambazo binadamu huziona nzito, kama hesabu ndefu na sataranji, mashine huzimudu mapema, ilhali zile anazozifanya bila hata kuziwaza, kama kumenya ndizi au kufunga fundo, huishinda. Hans Moravec, mtafiti wa roboti, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake Mind Children cha mwaka 1988. Alisema ni rahisi zaidi kuipa kompyuta uwezo wa mtu mzima katika drafti kuliko kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kutambua vitu na kujongea.

Matukio yamempa haki. Mwaka 1997 kompyuta ya IBM, Deep Blue, ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Mwaka 2016 programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol mjini Seoul katika mchezo wa Go, michezo minne kwa mmoja. Katika mashindano yote mawili mashine haikugusa kete hata moja. Mtu aliketi mezani, akawa anaisogezea.

Twende sasa Rubafu, kando ya Ziwa Victoria, kaskazini mwa mji wa Bukoba, mkoani Kagera. Msimu wa senene, panzi waliwao, ukifika, wadudu hao huvutwa usiku na taa kali, wakagonga mabati na kuangukia mapipani. Kinachofuata ni kunyonyoa: kuondoa mabawa, miguu na papasi, senene mmoja baada ya mwingine. Senene aliye hai hurusha mateke na huuma. Hakuna wawili wanaolingana kimo. Ukimbana mno, tumbo lake lenye mafuta linapasuka, ukimlegeza, ameponyoka. Hata hivyo mama aliyeizoea kazi hii huifanya huku akizungumza na jirani yake, macho yakiwa kwingine.

Siri imo vidoleni. Ngozi ya kiganja na vidole vya mkono mmoja ina vipokezi vya mguso takriban 17,000. Kitu kikianza kuteleza, vidole hukaza kabla mtu hajajua kwamba kimeteleza. Mtu akitiwa ganzi kwenye ncha za vidole, kuwasha kiberiti tu humpa taabu, ingawa macho na misuli yake ni mizima. Roboti nyingi zinategemea zaidi kamera, na kamera ina kasoro yake: kidole kinapokishika kitu, hukifunika. Wakati roboti inapohitaji kujua zaidi, ndipo inapoona kidogo zaidi.

Majaribio yanaonyesha ukubwa wa kazi. Mwaka 2010 roboti ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliweza kukunja taulo, nalo lilikuwa jambo la kusifiwa; kila taulo lilichukua wastani wa dakika zipatazo 25. Mwaka 2019 kampuni ya OpenAI ilionyesha mkono wa roboti uliochezea mchemraba wa Rubik. Ulifundishwa ndani ya kompyuta kwa uzoefu unaolingana na miaka 13,000, lakini mchemraba ulipovurugwa sana, mkono ulifaulu kuupanga mara moja tu katika kila tano.

Je, viwandani roboti zinawezaje? Unimate, roboti ya kwanza ya kiwandani, ilianza kazi katika kampuni ya General Motors mwaka 1961, na tangu hapo siri ni ileile: kifaa huletwa mahali palepale, kwa umbo lilelile. Mazingira yamejengwa kwa kuifuata mashine. Ndivyo ilivyo pia Brazili, ambako mitambo huvuna kahawa katika mashamba ya mistari. Kibanja cha Mhaya, yaani shamba la nyumbani huko Bukoba, hakina mistari hiyo. Mibuni imo katikati ya migomba na maharagwe, na tawi moja lina buni mbivu na mbichi pamoja.

Moravec alitoa sababu. Kuona, kushika na kutembea vimejengeka katika viumbe kwa mamilioni ya miaka, hadi vikawa havihitaji fikra. Hesabu na mantiki ni mambo ya juzi, ndiyo maana yanatuchosha.

Kuhusu neno lenyewe, mtu angeweza kusema “kitendawili cha Moravec”. Lakini kitendawili hutegwa ili kiteguliwe, na kikiteguliwa kimekwisha. Kwelikinzani, neno linalotumika tayari katika uhakiki wa fasihi, ni kauli inayoonekana kujipinga na bado ni kweli, hata baada ya kuelezwa. Kwa hiyo linafaa zaidi. Tuseme kwelikinzani hii na kwelikinzani hizi, bila kubadili umbo katika wingi.

Istilahi hii itufundishe kuacha kuziita kazi za mikono “kazi zisizohitaji ujuzi”. Ujuzi upo, ila haujaandikwa popote. Kijana wa Kagera anayesomea uhandisi aanze utafiti wake kwa kuitazama mikono ya mama yake. Nawe ukinunua senene walionyonyolewa katika soko la Bukoba, ile bei ya ziada ni malipo ya ustadi ambao maabara tajiri bado zinautafuta. Ilipe bila kunung’unika.