Daktari Katekista wa Karema

Tukitaka kujua jinsi Mungu anavyomtamani mwanadamu, tuitazame safari ya Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. Huko Algeria Mapadre Weupe walimkomboa. Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea utabibu, na mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Siku zile misafara ya watumwa ilikuwa ingali ikipita katika nchi za ziwa lile. Yeye aliyewahi kuwa bidhaa sokoni angeweza kuzikimbia njia hizo maisha yake yote, wala nani angemlaumu? Alikaa. Hakuwa na undugu wa damu na wenyeji, wala lugha yao hakuijua. Nasi tunaona taabu kwenda kigango cha jirani! Aliwatibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Alioa huko huko, na mwanawe Joseph akawa padre.